Kimya cha Rika: Picha za Ngono, Lugha ya Vijana wa Kiume na Taswira ya Mwanamke katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hii hutajwa mtoto anapopotoka, na mara nyingi hutajwa kana kwamba ulimwengu ni mwalimu mmoja mwenye kauli moja. Kwa hakika ulimwengu humfunza kijana kwa njia mbili: kwa yale anayoyaona, na kwa yale anayoyasikia yakisemwa na wenzake juu ya hayo aliyoyaona. Mhadhara huu unahusu namna njia hizo mbili zinavyokutana katika jambo moja ambalo wazee, walimu na wanataaluma wa lugha wamelikwepa kwa muda mrefu, nalo ni picha za ngono na mtazamo wa vijana wa kiume juu ya wanawake.

Picha hizo si ngeni katika Afrika ya Mashariki. Kulikuwa na zama za mikanda ya video iliyozunguka kwa siri kutoka nyumba hadi nyumba, zikafuata zama za sahani za DVD, na sasa ni zama za simu ya mkononi ambayo kijana hulala nayo kitandani. Tanzania, kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, imekataza kuchapisha picha hizo kwa njia ya kompyuta. Sheria ipo, na picha zipo. Lugha nayo haikukaa nyuma. Katika mitaa ya Tanzania zimeitwa picha za X, zimeitwa pilau, na katika miaka ya karibuni video za faragha zilizovuja na kusambazwa zimepewa jina la koneksheni. Kila jina lina lake la kusema. Pilau ni chakula cha sherehe, huliwa na wengi. Koneksheni ni jina linalomtaja anayemfahamu mwenye video na kuweza kuipata. Mwanamke aliyemo ndani yake, ambaye mara nyingi hakujua kwamba atatazamwa, hatajwi kabisa.

Hoja kuu ya mhadhara huu ni kwamba picha peke yake haitoshi kueleza mtazamo wa kijana. Kinachoigeuza picha kuwa kawaida ya maisha ni mazungumzo ya rika. Na kinachoyapa mazungumzo hayo nguvu si sauti ya wachache wanaosema, bali ni kimya cha wengi wanaosikiliza.

2.0 Picha na Mtazamo: Utafiti Unasema Nini?

Ni vyema kwanza kuepuka makosa mawili. La kwanza ni kudhani kwamba kila anayetazama picha za ngono atakuwa mdhalilishaji wa wanawake. La pili ni kudhani kwamba picha hizo hazina athari yoyote kwa kuwa ni maigizo. Tafiti nyingi juu ya suala hili zimefanywa Marekani na Ulaya, hivyo matokeo yake hayana budi kusomwa kwa tahadhari yanapoletwa katika mazingira ya Waswahili. Hata hivyo, hayawezi kupuuzwa.

Mwaka 1973, wanasosholojia John Gagnon na William Simon walieleza kwamba mwenendo wa binadamu katika mambo ya ngono hautokani na maumbile tu. Hufanana na tamthilia: wapo wahusika, upo mfuatano wa matendo, na kila mhusika hujua linalotarajiwa kwake kwa sababu amejifunza mahali fulani. Nadharia hii imewafaa watafiti wa baadaye katika kueleza kazi ya picha za ngono. Kijana asiye na maarifa mengine huzitazama kama mwanafunzi anayetazama mchezo ambao kesho atatakiwa kuucheza yeye. Hujifunza nani huanza, nani hufuata, na nani haulizwi.

Mwaka 2010, Gert Martin Hald, Neil Malamuth na Carlin Yuen walikusanya na kuchambua kwa pamoja matokeo ya tafiti zilizotangulia, wakaona kwamba kuna uhusiano baina ya kutazama picha za ngono na kuwa na mitazamo inayokubali ukatili dhidi ya wanawake. Uhusiano huo ulikuwa na nguvu zaidi kwa picha zenye ukatili, ingawa haukukosekana kwa picha nyingine. Mwaka 2016, Paul Wright na wenzake walichambua tafiti 22 kutoka nchi 7 na kuona uhusiano baina ya utazamaji na vitendo vya uchokozi wa kingono, hususan uchokozi wa maneno. Wapo waliopinga. Christopher Ferguson na Richard Hartley, katika makala yao ya mwaka 2009, walisema kwamba ushahidi wa picha kusababisha uhalifu wa ngono ni dhaifu. Pingamizi hilo lina maana, kwa sababu mambo mawili kwenda pamoja si hoja kwamba moja limezaa jingine.

Lililo muhimu zaidi kwa mada hii limo katika kazi ya Malamuth na wenzake ya mwaka 2000. Waliona kwamba utazamaji wa mara kwa mara ulihusiana zaidi na uchokozi kwa wanaume ambao tayari walikuwa na sifa nyingine za hatari, kama vile uhasama dhidi ya wanawake. Kwa maneno mengine, picha si mbegu inayoota katika kila udongo. Swali linalobaki, basi, ni hili: udongo huo hutayarishwa wapi? Mhadhara huu unajibu kwamba sehemu yake kubwa hutayarishwa katika mazungumzo, na mazungumzo ni eneo la wataalamu wa lugha.

3.0 Sarufi ya Kijiweni

Vijana wa kiume wa mijini wana mahali pao pa kukutania. Bara huitwa kijiwe, Zanzibar huitwa maskani, na babu yake ni baraza la nyumba ya pwani. Hapo hujadiliwa mpira, siasa, kazi, na wanawake. Lugha inayotumika imekwisha kushughulikiwa na wanaisimu. Mwaka 2006, Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling walichapisha uchunguzi wa lugha ya mitaani nchini Tanzania ukiwa na kamusi ya maneno na misemo ipatayo 1,100. Kazi ya namna hiyo inaonyesha kwamba misimu ni ubunifu wenye kanuni zake, na haifai kuipuuza kwa kuiita uharibifu wa lugha. Lakini ubunifu nao una mwelekeo, na mwelekeo huo huonekana vizuri unapotazamwa kisarufi. Mambo matatu yatatosha.

Jambo la kwanza ni ngeli. Kiswahili kina desturi ya kumlinda mtu katika ngeli ya A-WA hata pale umbo la nomino linapomweka kwingine. Husemwa kijana amefika, kiongozi ameondoka, kipofu anaomba. Viambishi vya nomino ni vya KI-VI, lakini upatanisho ni wa mtu. Mzungumzaji anapotaka kudunisha, huvunja desturi hiyo makusudi: kizee kimekuja, jitu lile limesimama. Sasa utazamwe msemo wa kijiweni unaosikika msichana apitapo: chombo kimepita, au mzigo ule unaringa. Hapa pana sitiari, na sitiari si kosa. Washairi wa Kiswahili wameutumia mfano wa chombo cha baharini tangu zamani. Tofauti ni kwamba upatanisho nao umehama. Msichana ameondolewa katika A-WA na kuwekwa pamoja na vyungu, visu na mizigo. Kiambishi ki- katika kimepita kinafanya kazi ambayo hotuba nzima ya chuki isingeifanya kwa urahisi: kinamwondolea utu bila kumtukana, na wala msikilizaji hashtuki.

Jambo la pili ni kitenzi na kauli zake. Kiswahili kina kauli ya kutendana, na katika mambo ya mapenzi kauli hiyo ni tajiri: kupendana, kuoana, kuridhiana, kujamiiana. Hata Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 nchini Tanzania imebeba jina lenye kutendana ndani yake. Vitenzi vya kijiweni ni tofauti: kula, kupiga, kugonga. Vyote vinamtaka mtenda mmoja na mtendwa mmoja. Mvulana husema nimemla. Msichana husemwa ameliwa. Ni kweli kwamba hata lugha sanifu humtenga mwoaji na mwolewa, na kwa hiyo kijiwe hakikuanzisha mgawanyo huo. Lakini kuoa kuna kuoana kama mwenziwe. Misimu hii, inapotumiwa kwa majigambo, haitafuti kauli ya kutendana, kwa kuwa majigambo hayana nafasi ya watenda wawili.

Jambo la tatu ni hadhira. Kitenzi kula hakitoki jikoni tu. Katika bao na karata, kula ni kuchukua kete au karata ya mpinzani, na kuliwa ni kushindwa. Mchezo una watazamaji na una kuhesabu. Mvulana asemapo amemla fulani, habari hiyo haisemwi kwa ajili ya yule msichana wala kwa ajili ya mapenzi. Husemwa kwa ajili ya wale walioketi. Deborah Cameron, katika uchambuzi wake wa mwaka 1997 wa mazungumzo ya wanafunzi wa kiume Marekani, alionyesha kwamba vijana hao walipowasema watu wasiokuwapo, walikuwa wakijengana wao kwa wao na kuthibitishana uanaume wao. Jambo hilo linafahamika vyema kwa yeyote aliyeketi kijiweni. Mwanamke ni mada, lakini wanaozungumziwa hasa ni wanaume.

Hapa ndipo picha za ngono zinapoungana na lugha. Picha humwonyesha mwanamke asiye na jina, asiye na historia wala ukoo, ambaye hukubali kila kitu bila kuulizwa. Kijiwe kina ngeli ya kumwekea mwanamke huyo, kina kitenzi cha kumtendea, na kina hadhira ya kushangilia. Kijana aliyetazama peke yake usiku hujiona ana siri. Asubuhi akikuta maneno ya kuisemea siri hiyo yamekwisha tayarishwa, yale aliyodhani ni maigizo huanza kuonekana kuwa ni desturi ya wanaume wote.

4.0 Kudhaniana

Je, ni kweli kwamba ni desturi ya wanaume wote? Mwaka 1986, Wesley Perkins na Alan Berkowitz walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya ulevi miongoni mwa wanafunzi wa chuo nchini Marekani. Waliona kwamba wanafunzi walidhani wenzao wanaukubali ulevi kuliko walivyoukubali kwa hakika. Kila mmoja alijiona ni mwenye kiasi kati ya walevi, na kwa kuwa hakutaka kujitenga, alinyamaza au aliiga. Baadaye Berkowitz na wengine walitumia mkabala huo katika suala la wanaume na wanawake, na picha iliyojitokeza ilifanana: wanaume huelekea kudhani kwamba wenzao wanaona raha katika maneno ya kuwadunisha wanawake kuliko ilivyo.

Wanasaikolojia wana istilahi yao ya hali hiyo. Kiswahili kinaweza kuiita kudhaniana, na kauli ya kutendana inafaa mno hapa. Chukulia mfano wa kubuni wa vijana watano walioketi kibarazani. Mmoja anasimulia jinsi alivyomlazimisha msichana aliyekuwa akikataa, na anasimulia kwa kicheko. Wa pili anacheka kwa sauti. Watatu waliobaki hawakupendezwa. Mmoja wao ana dada wa umri uleule. Lakini wa tatu anamwona wa nne amenyamaza, anadhani amekubali. Wa nne anamwona wa tano ametabasamu, anadhani amefurahi, kumbe tabasamu lile ni la aibu. Wakiondoka, kila mmoja wa watatu hao anaamini kwamba yeye ndiye dhaifu pekee katika kundi. Kura zikipigwa kwa siri, msimuliaji angeshindwa kwa watatu dhidi ya wawili. Kwa kuwa hakuna kura, ameshinda kwa tano dhidi ya sifuri.

Mfano huu unaonyesha kwa nini nguvu ya rika haiwezi kupimwa kwa kuhesabu wanaosema. Kawaida ya kundi hujengwa na kile ambacho kila mmoja anadhani wengine wanakiamini. Picha za ngono huongeza uzito katika dhana hiyo, kwa kuwa kijana aliyenyamaza hukumbuka kwamba hata kule alikotazama mambo yalikwenda hivyohivyo: mwanamke alikataa mwanzo, kisha akakubali, na hakuna aliyelaumiwa.

5.0 Mafunzo ya Zamani na Pengo la Sasa

Jamii za Waswahili na majirani zao hazikumwacha kijana bila mafunzo. Palikuwa na unyago kwa wasichana, wakiwa na somo au kungwi, na palikuwa na jando kwa wavulana. Huko mambo ya mwili yalisemwa wazi, tena kwa nyimbo, mafumbo na ngoma, mahali maalumu na mbele ya watu maalumu. Nje ya hapo, tafsida ilitawala. Tafsida haikuwa ukosefu wa maneno, bali ilikuwa ni mgawanyo wa mahali pa kusemea.

Si haki kuipamba zamani hiyo kupita kiasi. Yapo mafunzo ya jandoni yaliyomkweza mwanamume na kumfanya mwanamke chini yake. Hata katika fasihi andishi, mizani haikuwa sawa. Mwana Kupona binti Msham alipomtungia bintiye utendi mnamo mwaka 1858, alimwachia mafunzo marefu juu ya kumtunza na kumridhisha mume. Utendi huo umekuwa nguzo ya fasihi ya Kiswahili, na haukupata mwenziwe mwenye umaarufu sawa wa kumfunza mwana wa kiume kumridhisha mke. Shaaban Robert aliwatungia watoto wake wawili, binti na mwana, tenzi za Hati na Adili, lakini mkazo wake ulikuwa juu ya maadili kwa jumla. Riwaya nazo ziliuliza kwa ukali nini humpata msichana aliyefungiwa. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) na Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), ukali wa baba haumlindi binti. Unamnyima maarifa na kumtoa nje akiwa hana silaha. Mvulana anayemngoja huko nje, na yale aliyofunzwa na wenzake kabla hajakutana naye, hajapewa uchunguzi wa kina kama huo.

Jando limepungua nguvu mahali pengi. Tohara imehamia hospitalini, ambako huchukua muda mfupi na haina mafunzo ya majuma. Lililobaki ni tafsida bila jando: nyumbani hakusemwi, shuleni husemwa kwa istilahi za biolojia, na kijiweni husemwa kwa ngeli ya chombo. Baina ya istilahi na matusi pana pengo la rejista. Kijana anayetaka kumwuliza mwenzake kama msichana alitaka kweli hana sentensi ya kuulizia. Neno ridhaa lipo, lakini analifahamu kutoka fomu za hospitali na mahakamani. Akilitamka kibarazani, ataitwa wakili.

6.0 Kimya na Ridhaa

Pengo hilo limeacha kosa moja la kufasiri likue, nalo ni kosa la kufasiri kimya. Katika desturi za ndoa za pwani, zilizofuata sheria ya Kiislamu, kimya cha mwanamwali anapoulizwa na walii wake kuhusu posa kimehesabiwa kuwa ni ridhaa, kwa kuzingatia haya yake. Kanuni hiyo ina mipaka yake: pana swali lililoulizwa, pana mwenye dhamana ya kuuliza, na msichana anayekataa kwa kinywa chake hasemwi amenyamaza. Mvulana wa kijiweni aliyesikia kwamba kimya ni kukubali ameichukua nusu ya kanuni na kuiacha nyingine. Ameondoa swali, ameondoa mwenye dhamana, kisha ameongeza kwamba hata hapana ya msichana ni haya tu, kama alivyoona katika picha.

Kijiwe chenyewe hutumia fasiri hiyohiyo kwa wanaume wake. Asiyecheka lakini hakusema kitu, amehesabiwa kuwa amekubali. Kwa hiyo kuna vimya viwili vinavyosomwa vibaya kwa njia moja: kimya cha msichana ambaye hakuulizwa, na kimya cha kijana ambaye hakuthubutu. Kila kimoja kinakilinda kingine. Msimuliaji angeulizwa na wenzake, asingekuwa na haraka ya kutomwuliza msichana. Wahenga walionya kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wa kimya cha kijiweni haumwangukii aliyenyamaza. Humwangukia mtu ambaye hakuwapo.

7.0 Hitimisho

Iwapo hoja hii inakubalika, basi hotuba za kuwaonya vijana kwamba kizazi chao kimeharibika zina hatari yake. Kijana anayeambiwa kwamba vijana wote ni wadhalilishaji huthibitishiwa dhana aliyokuwa nayo, kwamba yeye tu ndiye tofauti. Maonyo ya namna hiyo huongeza kudhaniana badala ya kukuondoa. Kinachohitajika ni kuwafanya waliokwisha kuwa na staha wajuane.

Wanataaluma wa Kiswahili wana sehemu yao katika kazi hiyo. Watunga kamusi za misimu wanaweza kueleza matumizi ya neno pamoja na maana yake: nani husema, mbele ya nani, na kwa upatanisho upi. Walimu wanaofundisha ngeli wanaweza kutumia chombo kimepita kama mfano wa darasani, ili mwanafunzi aone kwamba sarufi haiko mbali na utu wa jirani yake. Watafiti wanaweza kuingia vijiweni wakasikiliza waliokaa kimya, ambao hadi sasa hawana nafasi katika data, kwa kuwa vinasa sauti hunasa wanaosema.

Na kijana mwenyewe hahitaji kuhubiri. Mwenzake akisema chombo kimepita, inatosha ajibu: nani, Asha? Amekwenda kazini. Hakutoa hotuba, hakugombana na mtu. Amerudisha jina, na amebadili kiambishi kimoja, kutoka ki- kwenda a-. Wawili au watatu kati ya walioketi watakuwa wakingoja mtu afanye hivyo, na kila mmoja wao alikuwa akidhani anangoja peke yake.